Sauti ya Hukwe, Koo la Mama

Ndugu msomaji, katika kila nyumba ya mfanyakazi wa mjini kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvidhani kuwa ni kimoja: wimbo, na chombo kilichouhifadhi wimbo huo. Zamani chombo hicho kilikuwa santuri iliyozungushwa juu ya gramafoni. Baadaye ikaja kaseti, kisha sidii, na leo ni simu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anajua kuifungua. Vyombo vimebadilika mara tatu katika umri wa mtu mmoja, wala hapana wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini swali limebaki lile lile: wimbo ukishawekwa ndani ya chombo, je, umehifadhika?

Nataka tulitazame swali hili kwa njia ya albamu moja ya Mtanzania mwenzetu, na yale ambayo albamu hiyo iliyazusha nyumbani kwetu Kijenge, hapa Arusha, katika mwaka ambao mama yetu alikuwa karibu kuipoteza sauti yake.

MZEE WA DODUMA

Albamu yenyewe inaitwa Chibite. Ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza, na mwimbaji wake ni marehemu Mzee Hukwe Ubi Zawose. Chibite ni neno la Kigogo, na maana yake ni "twende". Msomaji mwenye sikio atatambua kwamba neno hilo halikosi undugu na "kupita" ya Kiswahili. Ni mwito wa mtu aliyekwisha kusimama mlangoni, fimbo mkononi, akiwangoja wenzake.

Mzee Hukwe alizaliwa katika kijiji cha Doduma, Mkoa wa Dodoma, akajifunza muziki kwa baba yake katika maisha ya kuchunga ng'ombe. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, akieleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kama mwili usio na roho. Maneno hayo hayakubaki katika karatasi. Wapiga ngoma na waimbaji walitafutwa vijijini, na Hukwe alikuwa mmoja wa walioitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, yeye alikuwa miongoni mwa waliofundisha pale, naye akaufanya mji huo kuwa maskani ya ukoo wake mkubwa.

Ala zake kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni zeze, lenye nyuzi na uta, ambalo yeye alilitengeneza kwa ukubwa na wingi wa nyuzi kuliko lile walilozoea wazee. Ya pili ni ilimba, yaani marimba ya mkononi: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Katika kisanduku hicho huachwa tundu dogo, nalo huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila chuma kinapolia, utando utetemeke na kutoa mvumo kama wa nyuki aliye mbali. Mtu asiyejua atadhani kipaza sauti kimeharibika. La hasha, mvumo huo ndio chumvi ya mboga.

Juu ya ala hizo iliwekwa sauti. Hukwe aliweza kuanza chini kabisa, katika ngurumo ya mzee anayezungumza na wazee wenzake, kisha bila kuvuta pumzi akapanda hadi juu ambako wanaume wengi hawafiki, akaning'inia huko kama mwewe juu ya mbuga. Wagogo wana desturi ya kuimba kwa sauti mbili tatu zinazopandana, na hata anapokuwa peke yake, msikilizaji huapa kwamba amesikia watu wawili.

KWA NINI UINGEREZA?

Wapo wasomaji watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini sauti ya mchunga ng'ombe wa Doduma ihifadhiwe na kampuni ya Wazungu. Jibu halina siri. Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na mahali pa kuchapia santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma na bendi kwa bidii kubwa, nazo zilisikika hewani nchi nzima. Lakini bendi zilizotaka santuri za kuuzwa dukani zilikwenda Nairobi. Sisi wa Arusha twaijua barabara hiyo, maana ilipita mlangoni petu kwenda Namanga. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena mwaka 1983, na mlango huo nao ukafungwa na kufunguliwa pamoja nao.

Hata kabla ya hapo, wageni walikwisha kutambua utajiri huo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji maarufu wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi. Katikati ya miaka ya 1980 Hukwe na wenzake wa Bagamoyo walikwenda Ulaya, na mwaka 1985 ikatoka santuri iliyoitwa Tanzania Yetu. Real World, iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel, ilikuja baadaye. Baada ya Chibite, mwaka 1996, zikafuata nyingine mbili: Mkuki wa Rocho, na Assembly ya mwaka 2002 aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada. Mwaka huo huo Hukwe na mpwa wake, Charles Zawose, walipanda katika majukwaa makubwa ya Marekani wakifungua maonyesho ya Gabriel. Tarehe 30 Desemba 2003 Mzee Hukwe alifariki dunia, na mwaka uliofuata Charles naye akamfuata.

Basi yafaa tuseme asante bila kuona haya. Akiba haiozi, na aliyetuwekea akiba ni rafiki, hata kama ghala lake liko mbali. Lakini ghala ni ghala. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

MAMA ANAITIKIA

Mama yetu ni Mgogo wa upande wa Mpwapwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, familia zilipohamia katika vijiji vipya, naye hukumbuka zaidi jambo moja katika uhamaji ule: kwamba wanawake walibeba ngoma zao za muheme kabla ya kubeba vyungu. Baadaye alikuja Arusha kumfuata ndugu aliyekuwa kazini, akaolewa na baba yetu, Mmeru wa Poli, aliyefanya kazi katika kiwanda cha matairi kule Njiro kabla hakijafungwa. Sisi wanawe tulizaliwa na kukulia hapa mjini. Meno yetu yana ile rangi ya chai ambayo maji ya Mlima Meru, yenye floraidi nyingi, huwapa watoto wake. Meno ya mama ni meupe kama ya ndama, na kwa meno hayo watu sokoni Kilombero humtambua kuwa si wa hapa kabla hajafungua kinywa kusema.

Kigogo hatukukua nacho. Baba alisema Kimeru, mama Kigogo, na nyumba ikaafikiana kwa Kiswahili, kama zilivyo nyumba nyingi za wafanyakazi katika mji huu. Lakini mama aliimba. Aliimba akichambua mlenda mkavu ulioletwa na basi la Dodoma, aliimba akifua, aliimba akimbembeleza mtoto. Na sisi tulizichukua nyimbo hizo kama mtu anavyoichukua mvua juu ya bati: unajua ipo, hukai kuhesabu matone.

Sidii ya Chibite ililetwa na dada yangu mkubwa, aliyekuwa amefanya kazi Bagamoyo kwa muda. Ilikuwa Jumapili mchana. Mama alikuwa ameketi na ungo magotini. Hukwe alipoanza, mikono yake ilisimama. Akasikiliza, kichwa kimeinama. Kisha, bila kututazama, akatoa sauti nyembamba ya juu, ikaingia katikati ya sauti ya Hukwe kama mtu anayepita mlango aliouzoea. Dada akamwuliza kama wimbo ule anaujua.

"Wimbo siujui," mama akajibu. "Lakini najua pa kuingilia."

Aliitikia wimbo mzima. Ulipokwisha akataka urudiwe, na mara ya pili akaanza kukunja uso. Alitaka kurefusha kiitikio, kama ifanywavyo kwao pale waitikiaji wanapokuwa wamepamba moto. Lakini Hukwe wa sidii aliendelea na safari yake. Mama akanyamaza, akasema kwa mshangao wa kweli: "Mbona hanisubiri?"

Ndugu msomaji, nimeandika makala nyingi katika kazi hii, na sijawahi kusikia hukumu fupi na ya haki kuliko hiyo juu ya muziki uliorekodiwa. Santuri husema vizuri, lakini haisubiri. Haijui kwamba leo umechelewa, kwamba una kilio, kwamba mtoto amelala. Hutoa, haipokei.

UVIMBE SHINGONI

Mwaka 2022 uvimbe wa shingo ambao mama alikuwa nao kwa miaka mingi ulianza kumbana. Uvimbe wa tezi la shingo, wazee huuita rovu, uliwapata watu wengi wa mikoa ya bara na milimani kwa sababu chakula na maji vilikosa madini joto. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya nchi imetaka chumvi itiwe madini hayo. Vijana waliokula chumvi hiyo tangu utotoni wameponea. Mama ni wa rika lililotangulia. Sasa alimeza kwa shida na kulala ameketi.

Daktari alitueleza kwa upole na ukweli. Uvimbe hauna budi kukatwa. Lakini mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita karibu sana na tezi hilo, na hata mkono ulio stadi hauwezi kuahidi kwamba sauti itabaki kama ilivyokuwa. Tulipewa siku, majuma matatu mbele.

Jioni ile familia ilikaa kikao. Dada akasema jambo ambalo kila mtu angelisema: turekodi nyimbo zote za mama kwa simu, kabla ya siku ya upasuaji. Alikwisha kuandaa orodha. Mama aliposikia, alikataa katakata.

"Mnataka kunitia katika kisanduku ningali hai?"

"Si kisanduku, mama," dada akasema. "Ni ili wajukuu wako wakusikie."

"Wajukuu wangu wana viziwi miongoni mwao?"

"Hapana, mama."

"Basi waleteni hapa waje wanisikie."

Ndugu yangu mdogo, ambaye ni mtu wa hesabu, naye alikuwa na neno. Akasema watoto wana masomo, wana mitihani ya Kiingereza, na Kigogo hakitawapa kazi Arusha. Si neno la kipumbavu. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wamelisema au wamelifikiri. Mama akamtazama kwa muda.

"Mimi nilijifunza Kimeru, baba," akamwambia. "Hakikunipa kazi. Kilinipa ninyi."

Kikao kikaishia hapo.

MAJUMA MATATU

Wajukuu wanne wa kike na mmoja wa kiume walikusanyika kila siku baada ya shule. Hapakuwa na muheme. Mama aliweka ndoo ya plastiki katikati ya mapaja, mdomo ukiangalia mbele, kama wanawake wa kwao wanavyoishika ngoma, akaipiga kwa viganja. Wapangaji wa uani walichungulia kwanza kwa kicheko, baadaye kwa viti.

Nilichojifunza katika majuma yale ni namna alivyofundisha. Watoto walikosea maneno vibaya sana. Mwanangu wa miaka minane alitamka Kigogo kana kwamba anatafuna karanga za moto. Mama hakusahihisha maneno. Alisahihisha maingilio. Mtoto aliyewahi alirudishwa, aliyechelewa alirudishwa, aliyeimba sauti ya jirani yake aliguswa begani na kuonyeshwa njia yake mwenyewe, juu au chini, lakini si pale alipo mwenzake. "Maneno yatakuja," alisema. "Asiyejua pa kuingilia hana wimbo hata akiwa na maneno yote."

Nyimbo alizochagua zilikuwa saba. Ya kubembeleza, za kupura nafaka, ya kumwaga bibi harusi, na nyingine ambayo kwao huimbwa kwa wasichana wakubwa, nayo aliifundisha kwa mdomo wa nusu, akicheka. Mwishoni mwa juma la tatu, watoto waliweza kuimba nne bila yeye. Hapo, bila kuombwa, mama akamwambia dada: "Sasa leta simu yako. Rekodi. Lakini warekodi wao, mimi nitaitikia."

Sauti ya mwisho ya mama kabla ya kisu imo katika rekodi ile, juu kabisa, nyembamba, nyuma ya sauti za watoto. Hivyo ndivyo alivyotaka ihifadhiwe: si mbele, bali mahali pake.

POLI, CHINI YA MLIMA

Upasuaji ulikwenda salama, na ninaandika haya kwa shukrani. Mama alipona pumzi, akapona usingizi. Tulimpeleka Poli akae kwa shangazi yetu, katika migomba na mibuni, ambako mfereji hupita nyuma ya nyumba na asubuhi Mlima Meru huonekana wote, zaidi ya mita 4,500, kabla mawingu hayajaufunga. Lakini sauti haikurudi. Kwa miezi miwili alinong'ona tu. Mwezi wa tatu ikaja sauti nyingine, ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mwanamume aliyeamka usingizini. Daktari alisema itatengemaa kiasi; zile noti za juu hakuziahidi, wala hazijarudi hadi leo.

Mama hakulia mbele yetu. Ila aliacha kuimba, na nyumba ya shangazi ikawa kimya kwa namna ambayo shangazi mwenyewe, mwimbaji wa kwaya ya kanisa maisha yake yote, hakuweza kuivumilia.

Watoto walipofika Poli wakati wa likizo, walianza wimbo wa kupura bila kuambiwa, kwa mchezo tu, huku wakiambua mahindi. Sauti ya juu aliichukua binti mkubwa wa dada. Ikafika mahali pa kuingilia. Kulikuwa na pengo chini. Katika nyimbo za Wagogo pengo kama hilo husikika wazi kama jino lililong'oka. Mama, akiwa ameketi kizingitini, akalijaza. Aliingia na ile sauti yake mpya, chini kabisa, mahali ambapo kwao huimba wanaume. Watoto hawakusimama, walimsubiri, wakarefusha kiitikio hadi alipotosheka.

"Nimekuwa baba yangu," alisema walipomaliza, akacheka hadi akakohoa.

MWIMBAJI WA SUSSEX

Baadaye nilisoma habari ambayo nilimsimulia mama, nami nakusimulia wewe. Katika jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza, yuko mwimbaji mkongwe wa nyimbo za jadi za Kiingereza, Shirley Collins, aliyezaliwa mwaka 1935. Nyimbo zake za kwanza alizipata kwa babu na bibi yake, wakati wa vita kuu ya pili, wakiwa wamejificha mabomu ya Wajerumani. Alirekodi albamu nyingi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya ndoa yake kuvunjika, sauti ilimgomea kooni. Albamu aliyoitoa mwaka 1978 pamoja na dada yake Dolly ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu mno. Aliacha kuimba hadharani akafanya kazi nyingine.

Mwaka 2016, miaka 38 baadaye, akiwa na umri wa miaka 81, alitoa albamu iitwayo Lodestar, iliyorekodiwa nyumbani kwake Lewes. Sauti iliyomo si ile ya ujana. Imeshuka, ina nyufa, haipambwi. Lakini wanaozijua nyimbo hizo waliipokea kwa heshima kubwa, maana nyimbo za wakulima na mabaharia hazikutungwa kwa ajili ya makoo ya vinanda; zilitungwa kwa ajili ya watu waliochoka jioni. Tangu hapo ametoa nyingine mbili, mwaka 2020 na mwaka 2023.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Katika miaka hiyo 38, nani alimshikia nafasi yake?"

Nilimjibu kwamba zile santuri za zamani ziliendelea kusikilizwa, na vijana walijifunza kutoka kwazo, kisha wakamtafuta na kumwomba aimbe tena. Akaafiki kwa kichwa. "Basi santuri si mbaya," akasema. "Ilimtuma mtu mlangoni."

UKOO WA BAGAMOYO

Turudi kwa Mzee Hukwe, maana habari yake haikuishia mwaka 2003. Mwanawe, Msafiri Zawose, ameendelea na zeze na ilimba, na mwaka 2017 alitoa albamu iitwayo Uhamiaji. Mwaka 2024 ikatoka nyingine ambayo kwangu ni muhimu zaidi. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, chini ya jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha kwa kampuni ile ile ya Real World. Nayo ilirekodiwa Bagamoyo. Katika desturi ya zamani wanawake wa Kigogo walikuwa mabingwa wa muheme na waitikiaji, lakini zeze na ilimba, pamoja na kuongoza wimbo, vilikuwa vya wanaume. Hawa wawili wanaongoza, na ala wanazishika wenyewe.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Chibite imekuwapo tangu mwaka 1996. Mtu yeyote duniani angeweza kuinunua na kuisikiliza mara elfu. Lakini Maisha haikutoka kwa wasikilizaji elfu wa Ulaya. Imetoka katika ua wa Bagamoyo, kwa watoto waliokuwa wakiimba nyuma ya Mzee, wakirudishwa walipowahi, wakirudishwa walipochelewa. Albamu iliihifadhi sauti ya Hukwe. Wimbo wake uliohifadhiwa ni ule ulioachiwa watu wa kuitikia.

Wala watu hao hawana budi kuuimba kama ulivyokuwa. Mji wetu huu wa Arusha una ushahidi: mwaka 2004 vijana wa hapa, kundi la X Plastaz, walitoa albamu iliyoitwa Maasai Hip Hop, wakichanganya maghani ya mjini na uimbaji wa Kimaasai. Wazee wengine waliguna. Lakini kijana hawezi kuchanganya asichokuwa nacho. Kwanza mtu aliwapa.

TUFANYE NINI?

Sisi tunaoishi mijini tumepewa bahati ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Simu moja yaweza kubeba nyimbo za ukoo mzima. Kwa hiyo sisemi tuache kurekodi. Aliyenacho chombo na akaacha sauti ya mzee wake ipotee atajuta. Rekodi, uandike na jina la wimbo, nani aliimba, na huimbwa wakati gani, kwa maana sauti isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na anwani.

Lakini usidhani kazi imekwisha hapo. Mbegu haioti ghalani. Watoto wa nyumba zetu, ambao baba ni wa huku na mama ni wa kule, mara nyingi hawana kabila moja la kuwadai, na wazazi wao huona rahisi kuwaachia redio. Mama yetu ameniondolea udhuru huo. Hakuwataka wajukuu wake wawe Wagogo. Hata lugha hawajaijua vema. Aliwataka wajue mahali pao katika wimbo: nani yuko juu, nani yuko chini, na ni lini mtu ahitaji kusubiriwa. Mtoto aliyejua hayo katika wimbo mmoja hatapata shida kuyajua katika wimbo mwingine, uwe wa Kimeru, wa Kimaasai au wa Kiswahili, wala katika familia, wala kazini.

Basi, Jumapili hii, kama una mzee nyumbani, usimwombe kwanza aimbe mbele ya simu. Mwombe akuonyeshe pa kuingilia. Waite watoto waache michezo kwa nusu saa. Mkosee, mcheke, mrudie. Na siku mtakapokuwa tayari, mzee atawaambia mwenyewe muilete simu.